Treni ya Angwenyi Haina Bomba la Moshi

Asubuhi na mapema, mwaka 1951, machimboni Tabaka. Ishmael Angwenyi ameketi juu ya gunia, unga wa mawe umemjaa hadi kwenye nyusi. Kisu kinakwangua jiwe laini, na treni inajitokeza: kichwa, madirisha, magurudumu. Bomba la moshi halipo.

"Sijasahau," anasema kabla sijamuuliza. "Haikuwa nalo."

Bomba hilo ndilo linalomzuia kubatizwa. Sabato ijayo yeye na mkewe, Bitutu, walikuwa waingie mtoni. Lakini mzee wa kanisa, Cleophas, anataka kwanza akiri mbele ya waumini kwamba ile hadithi yake ya treni isiyokula kuni wala makaa ni uongo.

Angwenyi alikuwa askari. Wakati wa vita alifikishwa Bara Hindi, na huko akapanda treni ya umeme.

"Nguvu zake zinatoka kwenye waya ulio juu," anaeleza. "Nilikuwa na kikombe cha chai. Kupuliza, kuinua macho, lo! Stesheni imeshabaki nyuma. Na kichwa chenyewe kilikuwa kikuukuu. Watu wa huko wanakisifu kama fahali wa ukoo. Vipya vililetwa, vikashindwa mbio."

Nyumbani walimcheka. Treni wanayoijua ni ya Kisumu, inayokohoa moshi mpaka shati linakuwa jeusi. Siku hizi ukisema umeona mvua ng'ambo ya kilima, utaulizwa, "Umeiona, au ni ya Angwenyi?"

Cleophas si mtu mbaya. Ndiye aliyemlimia Bitutu shamba mumewe akiwa vitani. "Ndugu yangu, neno moja tu," humsihi kila wakikutana. "Sema ulitania."

"Nikisema nilidanganya, mzee, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya. Niingie majini na uongo mpya?"

Inamuuma, wala hafichi. Kule vitani aliapa kwamba akirudi mzima atabatizwa.

Bitutu anafika na uji. Anaitazama treni, anasonya.

"Mimi siiamini hata kidogo. Treni bila moshi, aka! Lakini mume wangu, Baba Nyanchama, namjua. Angekuwa mwongo, angeshakiri zamani."

Angwenyi anacheka hadi unga unamdondoka. "Waya ukifika Kisumu, nauli ya mzee Cleophas nitalipa mimi. Tukishuka, moja kwa moja mtoni."

"Na wewe, mama, Sabato utaingia?" namuuliza Bitutu.

Gauni jeupe, Bitutu anajibu, amelikunja akalirudisha sandukuni. Litatoka siku watakapoingia wote wawili.