Siku Niliyovunja Kanuni ya Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha kompyuta cha hospitali niliripoti nikiwa na sare nyeupe ya uuguzi, maana sikujua watu wa kompyuta huvaa nini. Mkuu wa Kitengo, mzaliwa wa Moshi mjini ambaye ukoo wake wa Kihindu umeuza vitambaa tangu enzi za babu yake, aliniangalia akatabasamu.

"Mama, unajua kwa nini nimekuomba kutoka wodini?"

"Sijui, Mkuu."

"Hakuna aliyeulalamikia mfumo wetu kama wewe. Sasa kulalamika ndiyo kazi yako."

Wakati ule tulikuwa tumeachana na mafaili ya karatasi. Kumbukumbu za wagonjwa zote zilikuwa kwenye kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kupima kiolesura, yaani ule uso wa mfumo ambao mhudumu anauona na kuubofya: unamsaidia, au unamkwamisha? Nilikaa nyuma ya bega la muuguzi na daftari langu, nikimwomba aseme kwa sauti anachofikiri, nami nikiandika kila alipokwama.

"Usimsaidie," Mkuu alinifundisha, akaiandika kanuni hiyo kwenye jalada la daftari langu. "Ukimsaidia, umeuficha ugonjwa wa mfumo."

Kwa mtu aliyeuguza miaka mingi, kunyamaza ni kazi nzito kuliko kumgeuza mgonjwa kitandani. Nilijifunza hivyo hivyo, nikiuma kalamu.

Baadaye nikapangiwa kituo chetu kidogo cha afya, njia ya kwenda Holili. Hapo alikuwepo Sista Aikande, muuguzi kijana mwenye mikono myepesi, ambaye wagonjwa walimpenda kwa namna alivyowasalimia. Asubuhi moja aliingia mzee Anaeli, mkulima wa kahawa, aliyejikata mguu kwa panga akipunguza migomba.

"Shikamoo, babu. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Uzee huo, panga limenishinda."

Daktari alikuwa ameandika sindano ya penisilini. Aikande akafungua jina la mzee. Likatokea onyo: umri haujahakikiwa. Akabofya "Sawa". Likatokea la pili: namba ya simu haipo. Sawa. La tatu likaja kwa rangi ile ile na maandishi yale yale. Sawa. Akachukua bomba la sindano.

Lile la tatu nililisoma. Lilisema mzee ana mzio wa penisilini, dawa ambayo mwili wake unaikataa.

"Aikande, weka chini."

Aligeuka, akaniona uso, akaweka chini. Mzee alipoulizwa alisema kwa upole, "Ndiyo, ile ilinivimbisha koo zamani. Nilidhani mmeiandika."

Mimi na Aikande tuliporudi hospitali kutoa taarifa, mtengeneza programu alisema onyo lilikuwepo, muuguzi hakusoma. Muuguzi Mkuu, mama aliyenifundisha mimi kudunga sindano, alikuwa ameshaandika barua ya kumsimamisha Aikande kazi. Nilimheshimu mno, lakini nilimwomba kwanza akae mwenyewe kwenye kompyuta, awahudumie wagonjwa kumi wa kubuni.

"Unanitahini, binti yangu?"

"Nautahini mfumo, Mama. Naomba ukae."

Akakaa, miwani puani. Kwa mgonjwa wa kwanza alisoma kila onyo. Kufikia wa nne alikuwa anabofya bila kusoma. Wa saba, niliyemwekea mzio, alimpitisha na kumwandikia dawa.

Nilimwonyesha. Akavua miwani.

"Hata mimi ningemdunga," alisema. Akaichana ile barua katikati, mbele yetu sote.

Mwezi uliofuata maonyo ya umri na simu yaliondolewa. Onyo la mzio likawa jekundu, likajaza kioo kizima, na halikufungika mpaka uandike sababu. Mkuu wa Kitengo hakunikaripia kwa kuvunja kanuni yake. Kwenye daftari langu aliongeza mstari chini yake kwa mkono wake: isipokuwa mgonjwa yuko hatarini.

Sasa nimestaafu, niko Rau, pembezoni mwa Moshi, na ng'ombe wangu wawili. Vijana wakija kuniuliza kuhusu kazi hii huwaambia kwamba mtu mwema na mwangalifu hukosea pia, akiwekewa meza mbaya ya kufanyia kazi. Kwa hiyo kabla hujamlaumu, kalia kiti chake.

Aikande ndiye msimamizi wa kituo kile siku hizi. Nilipompeleka dada yangu kupimwa presha, alitupokea mlangoni, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho akimtazama machoni. Kompyuta aliigeukia baadaye, akabofya mara mbili, akawa amemaliza.