Mke Mwenza Mwenye Mkia wa Rungu

Mwanangu, kaa hapa karibu. Ipo siku moja ya miaka ya vita ambayo siisahau. Nilikuwa mke kijana pale mtaa wa Bwiza, Burundi, nina mtoto wa kwanza, na wivu umenijaa mpaka kooni.

Mume wangu Ramadhani alifundisha habari za wadudu shuleni. Kila Jumapili alishuka hadi mto Ntahangwa kutazama kereng'ende. Watu wanakimbia risasi, yeye anakimbilia wadudu. Alimpenda hasa mmoja, ambaye mkia wake umevimba mwishoni kama rungu. Jamaa zake wanafanana naye mno, aliniambia; sharti umshike, utazame vibano vidogo kwenye ncha ya mkia, ndipo umjue.

"Na mi ukinishika, unatazama nini?" nikamuuliza. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwonea wivu mdudu, basi, nimesema.

Siku hiyo natoka sokoni, nikauona mgongo wake na shati lake la mistari, anaingia kabare ya pombe, mwanamke kamshika mkono. Sikumwita. Hasira hasara, lakini nani angenikumbusha? Nilirudi nyumbani, nikafunga nguo zangu, nikambeba mtoto mgongoni niende kwa mama yangu Uvira, ng'ambo ya mpaka, na barabara ile magari yalikuwa yakivamiwa.

Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Unaenda wapi na mjukuu wangu?"

Nikamweleza, machozi yananitoka.

"Apana. Ile shati ni ya Issa, mudogo yake. Nilinunua mbili sawasawa. Ramadhani alirudi na homa ulipokuwa sokoni, iko kule nyuma, analala."

Nikachungulia. Kweli, alikuwa anakoroma.

"Bwana yako anatofautisha wadudu kwa ncha ya mkia," akasema. "We unashindwa kumutofautisha yeye na ndugu yake? Ungemuita tu jina."

Gari nililotaka kulipanda halikufika Uvira. Lilipigwa risasi njiani. Jirani yetu muuza samaki alikuwemo, tukamzika kesho yake.

Wivu ninao hata leo, usinicheke. Sikukatazi kuwa nao. Apendaye ndiye aonaye wivu. Ninalokukataza ni kuondoka na ulichokiona kwa nyuma. Kuuliza si ujinga. Ita jina, mwanangu, uone uso. Mungu akujalie mwenza wa kumwonea wivu, na akupe subira ya kumngoja ageuke.