Vifaranga wa Taa

Bata wangu alikuwa akilalia mayai nyuma ya jiko, pale Kasubi kwa Waganda, nami niliyasubiri mayai yale kama mtu anayesubiri mjukuu wa kwanza. Nilikuwa nimetoka Kenya, nauza mitumba mjini, sina shamba wala ng'ombe. Bata yule ndiye alikuwa mifugo yangu yote. Basi msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukafika. Jirani yangu Mkongo akasimamisha mabati na mapipa ya kuwategea, akaning'iniza taa kali kiasi kwamba mimi chumbani kwangu niliweza kuchagua mchele bila kuwasha yangu.

Senene wakamiminika. Bata naye akawa anaacha mayai kila usiku kwenda kuokota walioanguka nje ya pipa. Nilimfukuza kwa ufagio, nikamtukana, nikamkumbusha kwamba yeye ni mama wa watu. Siku moja hakurudi kabisa. Nilimkuta chini ya taa, ameshiba, na mayai yalikuwa yameshaanza kulia kwa ndani.

Jirani, lazima niseme ukweli, ndiye aliyeyachukua akayaweka kwenye boksi la matambara chini ya ile taa yenye joto. Yakaanguliwa. Tangu hapo vifaranga hawakumtaka mama yao wala mimi. Giza likiingia walitoka kwangu kwa mstari, wakaenda kulala kwenye taa.

"Batoto beko bangu, mama," akasema jirani. "Taa yangu ndiyo ilibazala."

Nilikasirika hata chai ikanishinda. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Muganda mpole aliyependa chakula kuliko kesi.

"Nnyabo, mama, ngoja jioni," akaniambia. "Hii toto ya bata itaonyesha yenyewe mama yake."

Jioni vifaranga wakawekwa katikati ya ua. Mimi upande huu nawaita kwa pumba, jirani upande ule na taa yake. Wakaelekea kwenye taa bila hata kunitazama, na kusema kweli nilitaka kulia. Mara umeme ukakatika. Mwenyekiti akawasha tochi ili aone njia ya kurudi kwake, na vifaranga wakageuka, wakamfuata mpaka nje ya geti.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mimi na jirani tulipatana papo hapo, na asubuhi tukaenda pamoja kwa mwenyekiti kuwadai vifaranga. Akatujibu kwamba kesi wameshaiamua watoto wenyewe. Pasaka alitualika wote wawili kula bata. Nilikula kwa hasira, na alikuwa mtamu.