Siku Nilipomgandisha Mama Apio kwa Unga wa Mchaichai

Jamani, chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu aibu yenyewe hata mume wangu nilimsimulia nusu tu.

Mnajua kule Katwe natengeneza unga wa harufu: nakoroga mafuta ya mchaichai na gundi ya mgunga na maji mpaka yawe kama maziwa, mashine inayanyunyiza kwenye hewa ya moto, maji yanakauka, unabaki unga mweupe uliofungia mafuta ndani (harufu inalala humo, haiamki mpaka ikutane na maji). Mashine alinichomelea Afande Ojok, polisi mstaafu mwenye karakana, mtu wa maneno machache.

Basi akaja Mama Apio, mwenye kiwanda cha biskuti Old Kampala, mteja niliyembembeleza mpaka sauti ikaniisha. Alikuwa anapitia tu, njiani kwenda kwenye kwanjula, utambulisho wa binti yake, kupokea wakwe, kavaa gomesi ya zambarau, lile gauni refu la Kiganda, mabega yake yamesimama kama ya malkia. Na mimi asubuhi nilikuwa nimefua mfuko wa kitambaa unaonasa unga mwepesi kwenye bomba la kutolea hewa, bado umelowa. Nikajisemea, Furaha, washa bila mfuko, aione ikifanya kazi, kwani nani atajua?

Afande akaninong'oneza, "Dada, bomba linamtazama mgeni."

"Afande, si bunduki hiyo."

Weee! Bomba likakohoa mara moja, halafu likamwaga wingu zima, na lilipotulia Mama Apio alikuwa mweupe kuanzia kilemba hadi kiunoni, macho tu yanapepesa.

"Wewe binti! Hii maneno gani?"

Ningemwacha ajikung'ute, unga ungetoka wote, mkavu, bila hata harufu. Lakini mimi na kiherehere changu (nami ndiye fundi wa unga wenyewe!) nikavamia jerikeni, nikalowesha taulo, nikaanza kumsugua. Gundi ni gundi, ndugu zangu. Mabega ya gomesi yakalala, yakagandana na mikono, kope zikashikana, na mchaichai ukaamka wote kwa pamoja, mpaka wagonga mabati wa jirani wakaacha nyundo, mmoja akapaza sauti, "Banange, nani anapika chai?"

"Sioni!" alilia Mama Apio. Afande akamwongoza hadi kwenye gari kama kipofu. Mimi nikajificha nyuma ya mashine, nikalia kwelikweli, maana mteja mwingine sikuwa naye.

Jioni simu ikalia. Ni yeye. Nikapokea.

"Furaha, wakwe zangu wananifuata kila kona, wanauliza chai iko wapi. Nimejifuta, nimebadilisha nguo, bado nanukia. Hata kwenye biskuti inadumu hivyo?"

"Inadumu, Mama."

"Basi niletee. Lakini alete Afande. Wewe baki hukohuko."

Ndiyo hivyo, biskuti zake zinanukia vizuri na kiwandani kwake sijakanyaga hadi leo. Naapa mbele yenu: mfuko ukiwa umelowa, mgeni atanywa soda asubiri, na akichafuka, maji simletei mimi, atajiletea mwenyewe.