Niliulizwa Mbele au Nyuma

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki Wete, nikaacha skuli nikaenda kuchuma karafuu. Kiingereza changu nilikiokota kazini hapa London, na kinanitosha.

Juzi nilikwenda dukani Barking kununua stendi ya kuinulia pikipiki, tairi zisilemae kwa kusimama baridi nzima. Mkwe wangu Salim alitaka kunifuata anitafsirie. Nikakataa. Sitafsiriwi mimi.

Muuzaji akaniuliza kwa Kiingereza, "Ya mbele au ya nyuma?"

"Ya mbele!"

Nyumbani nikaipachika gurudumu la nyuma, nikainua. Stendi ikateleza, pikipiki ikalala ubavu na kioo kimoja kikavunjika. Salim akasoma boksi.

"Baba, hii ni ya gurudumu la mbele. Hawakukuuliza?"

"Waliniuliza! Kwani pikipiki siiegeshi mbele ya nyumba?"

Bi Zena, jirani yetu hapa mwenye asili ya Mombasa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, mbona hukuwapa na nambari ya mlango?"

Na wacheke. Leo nina nyumba, pikipiki, kioo kimoja na stendi mbili. Ya nyuma nilikwenda kuinunua peke yangu.