Kikwapa

Kila aliyekuja barazani kwangu pale Kagongwa, enzi zile za Mwingereza, alikuja na shati la mtu mwingine. "Fundi, nishonee kama hili." Siku moja nilimuuliza mteja kama anataka na kitambi cha mwenye shati. Akabeba kitambaa chake, akaenda zake. Sikumfuata.

Mishono ya kwangu nilikuwa nayo. Niliichora kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, mwenye duka aliyenipangisha baraza akanifokea kwamba namchafulia, nikafuta, nikachora tena. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu avae nguo niliyoibuni mimi, watu waione, waje waseme, nishonee ile ya kwako. Lakini wapi!

Mwaka ule, pamba ilipokwisha kuuzwa, akaja manju, kiongozi wa bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Watashindana na kundi la Masumbwe, na wachezaji wake wanataka mashati mapya. Kwenye mashindano yale makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, watazamaji hukimbilia linalowapendeza, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Nguo yangu ingeonwa na nchi nzima.

"Kama hili," manju akasema, akanitupia shati la mzungu alilotoka nalo mgodini Geita, mikono imebana utadhani soksi.

"Baba, nyinyi mnarusha majembe. Hili ni shati la mtu wa kukaa kitini."

Nilimng'ang'ania mpaka akachoka, akasema haya, shona utakavyo. Nikashona kwa kitambaa cha marekani nyeupe, na kwapani nikatia kikwapa, kile kipande cha pembe nne wanachotia washona kanzu ili mkono usibane. Ila changu kilikuwa cha kaniki nyeusi: mkono ukipanda na jembe, weusi unachomoza, ukishuka, unapotea. Jamani, nilikipenda kitu kile!

Siku ya kuchukua, manju akainua mkono wa shati. "Viraka? Nguo mpya umeitia viraka? Masumbwe watatuzomea!" Nikaeleza, nikarusha hata jembe la mwenye duka pale barazani. Hakusikia. Nikafumua vyote, nikabana mikono kama ya mzungu, machozi ya hasira yakinilengalenga.

Uwanjani, majembe yalipopanda mara ya kwanza, nikasikia prrr, mashati yanachanika kwapani, moja baada ya jingine. Nikafumba macho. Nilipofumbua, wachezaji wetu walikuwa wanaendelea, mikono ya mashati inapepea kama mabawa ya kuku, na watu wa upande wa pili wanatukimbilia huku wakipiga vigelegele na kutushukuru kwa Kisukuma. "Wabeja! Wabeja!" Tukashinda. Na kwa kuwa kwetu hakuna anayeshinda ngoma bila dawa, jioni ile watu walishakata shauri: dawa ya manju ilikuwa kwapani, ndiyo iliyopasua mashati. Manju hakukanusha. Akanushe ili iweje?

Wiki iliyofuata baraza ilijaa mpaka barabarani. Wa mbele kabisa alikuwa manju wa Masumbwe mwenyewe, na mkononi hakushika shati la mtu.

"Fundi, nataka la kwako. Lile la kuchanika kwapani."

Nikamwonyesha vikwapa vyangu vya kaniki, nilikuwa bado nimevitunza. "Hivyo vya nini?" akauliza.

Nikamshonea shati, nikauinua mkono wa shati, nikapitisha mkasi pale pale ambapo kikwapa kingekaa.