Gemu ya Njia ya Kinole

Mama alipopata kiharusi niliacha kufundisha hesabu, nikarudi kukaa naye nyumbani kwetu Morogoro. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha nilikuwa mimi. Ndugu zangu walikuwa Dar, wana ndoa na kazi. Mimi sikuwa na ndoa, na kazi nilikuwa nimeshaiacha, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza ningekaa mpaka lini.

Dirisha la chumba cha mama linatazama milima ya Uluguru. Ukungu ukipanda, unaona mashamba na vijia vinavyopotea migombani. Mimi hata sokoni sikuweza kwenda mpaka jirani akubali kubaki na mama. Ndipo nikaanza kutengeneza gemu. Nilitaka kitu kidogo, cha picha bapa: mwanamke ametoka mjini na mzigo kichwani, anapanda njia ya kwenda kijiji cha Kinole, anaruka mawe na vijito. Mama alizaliwa Kinole, na njia ile aliipanda kwa miguu tangu usichana wake.

Nilianza na programu rahisi, ambayo unaburuta vipande vya rangi vyenye amri na kuviunganisha. Haikuchukua muda, mwanamke wangu akawa anatembea. Kwa furaha nikampigia mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi za kompyuta.

“Dada, hiyo ni ya watoto wa shule,” akasema. “Hutafika nayo popote. Ngoja nikutumie nyingine.”

Hiyo nyingine ilitaka niandike kila kitu mwenyewe, mstari kwa mstari. Kwa mwalimu wa hesabu ilikuwa tamu, lakini masika yote yalipita nikihangaika kumzuia yule mwanamke asizame ardhini. Mdogo wangu akanishauri programu kubwa, inayofanya kila kitu. Kompyuta yangu kuukuu ikanguruma kama mashine ya kusaga, ikazima. Nikaanza kusoma mabishano ya watu mtandaoni, huyu anasifia hii, yule anaiponda. Nikawa najua uzuri na ubaya wa kila programu, na gemu sina. Kila nilipohama nilianza upya, mwanamke yuko pale pale chini ya mlima.

Nadhani nilijua kinachonisumbua. Maisha yangu yote ya wakati ule yalikuwa yamepangwa na ugonjwa wa mama. Programu ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado kinasubiri uamuzi wangu, na nikishaamua, nilihisi hata mlango huo ungefungwa.

Pasaka ya mwaka uliofuata mdogo wangu akaja. Baada ya misa aliketi sebuleni na kompyuta yangu mapajani, akinieleza habari za programu mpya aliyokuwa anaiingiza. Mama akaita kutoka chumbani.

“Dada, mama anakuita,” akasema, macho kwenye skrini.

Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga. “Amekuita wewe. Nimesikia jina lako.”

“Lakini wewe ndiye unayejua namna ya kumshika.”

Nikanawa mikono, nikaenda kumgeuza mama. Niliporudi nikamwambia, “Mdogo wangu, usiniwekee programu. Kaa na mama wiki moja, mimi nipande Kinole kwa miguu yangu.”

Akasema kazini hawatamruhusu, na mkewe anamtegemea. Alisema kwa upole kabisa. Jumatatu akaondoka, na mimi nikafua mashuka.

Siku ile ile, jua likiwa bado kali, nilifuta programu zote isipokuwa ile ya watoto wa shule. Sikuwa na hoja ya kuitetea. Nilikuwa nimechoka kuanza. Nikachora mawe, kijito, na mgomba mmoja niliourudia kila mahali, nikaweka kompyuta kitandani kwa mama.

Alibonyeza kwa mkono wa kushoto. Mwanamke akatembea, akaruka jiwe, akafika ukingoni mwa picha, akagota.

“Mbona haendi?” Maneno yake hutoka polepole tangu augue.

“Huko mbele sijachora, mama.”

Akabonyeza tena, na tena. Mwanamke akawa anapiga hatua papo hapo.

“Tuliposhindwa kupanda tulikuwa tunaketi,” mama akasema. “Mtue mzigo.”

Kumtua mzigo kulinichukua siku kadhaa, kwa sababu vipande vya rangi havikuwa na amri ya namna hiyo. Nililazimika kumchora upya ameketi, mzigo kando. Sasa mama akichoka kubonyeza, humketisha, naye hulala. Gemu ina picha chache na haijafika Kinole. Mimi pia sijafika. Mdogo wangu alipopiga wiki iliyopita kunisifia programu nyingine, nilimwambia asante, kisha nikamuuliza anakuja lini kukaa na mama. Akasema ataangalia likizo yake.